Tulikwenda Wawili Milimani Qwaqwa

Tangu nirudi, kila anayekuja kuchukua sketi ya shule ya mwanawe ananiuliza Furaha yuko wapi. Wengine mmeambiwa tuligombana. Wengine mmesikia alianguka mlimani. Kule saluni Turffontein alikokuwa anasuka, kiti chake amekwishapewa mwingine, na huyo mwingine ndiye anayeeneza kwamba Furaha kapata Msotho mwenye kondoo. Nimechoka kueleza vipandevipande huku nimeshika mkasi, kwa hiyo naandika yote mara moja. Furaha hakufa. Wala hatukugombana, ingawa kuna neno nililomwambia ambalo nitalifikia.

Kwa asiyetufahamu vizuri, mimi ni mtu wa Morogoro. Nililetwa huku Afrika Kusini na mume wangu, mmoja wa wale waliokimbilia kwetu enzi za ubaguzi, wakarudi kwao nchi ilipofunguka. Alifariki mwaka wa nne tangu tuhamie. Binti yangu Thandi anakielewa Kiswahili chote, lakini hunijibu kwa Kiingereza. Furaha ni wa Bukavu. Alikuja kupanga chumba changu cha nyuma hapa Rosettenville, akawa mtu pekee nyumbani mwangu wa kunijibu kwa lugha niliyomsemesha. Aliniita yaya. Kwetu yaya ni mtu wa kulea watoto wa watu, nami mwezi mzima nilinuna nikidhani ananidharau, mpaka aliponieleza kwamba kwao ndiyo dada mkubwa.

Safari ilianzia kwenye mabegi. Mama mmoja wa Kizungu niliyekuwa namshonea mapazia alikuwa anahamia Australia, akanigawia mabegi mawili makubwa ya mgongoni, hema, mifuko ya kulalia na jiko dogo la gesi. Mimi niliona vitu vya kuuza. Furaha alivaa begi moja, akafunga mkanda wake kiunoni, akazunguka uani mara tatu.

"Yaya, twende mahali na hii."

"Wapi?"

"Popote penye mulima. Nimebeba mizigo mingi nikikimbia. Nataka nibebe mara moja bila mutu kunifukuza."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Basi mwezi wa saba, shule zilipofungwa na kazi ya sare ikalala, tukaondoka.

Kungoja teksi ijae

Mnaijua asubuhi ya Johannesburg ya mwezi wa saba, moshi wa makaa ya mawe umetanda chini na nyasi za kando ya barabara zimekauka zikawa rangi ya mkate. Tulifika kwenye stendi ya teksi, yaani daladala za huku, mjini jua halijatoka. Teksi ya Harrismith ilikuwa na abiria watatu. Sisi tukawa wa nne na wa tano. Tulikaa humo kwa muda wa saa nne.

Watu walitushangaa. Wanawake wawili Waafrika, na mabegi kama ya watalii. Mwanamume aliyekuwa anauza soksi alichungulia dirishani akauliza, "Eish, mama, mnahama?" Nikamwambia tunakwenda kupanda mlima. Akauliza kazi hiyo analipa nani. Nikasema halipi mtu. Akaniangalia kwa huruma, akaniuzia soksi mbili za sufu, na niwaambie ukweli, zile soksi ndizo zilizoniokolea vidole.

Tulikula amagwinya, yale maandazi makubwa ya huku, yakiwa ya moto bado, tukanywa chai ya chupa niliyobeba. Nilikuwa nimejiandaa kupiga soga njia nzima. Nilikuwa na habari za wiki tatu nilizozihifadhi kwa ajili ya safari hii. Lakini gari lilipoondoka, Furaha aligeuza uso dirishani na kukaa hivyo, begi lake kalipakata kama mtoto. Nikaanza habari ya kwanza, akasema "mmh." Nikaanza ya pili, akasema "mmh." Zilizobaki nikaziweka. Nje hapakuwa na kitu ila mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, kilomita juu ya kilomita.

Bibi aliyedhani tunauza

Harrismith tulikuta barabara ya kwenda Natal imefungwa kwa theluji, malori yamepanga foleni mpaka mjini. Upepo ulikuwa unakata. Teksi ya Qwaqwa tuliingoja tena, na ilipojaa, kati yangu na Furaha aliketi bibi mmoja aliyejifunga blanketi zito la Kisotho, na mfuko wa machungwa miguuni. Alikuwa anakohoa. Aliyatazama mabegi yetu safari nzima, mwishowe akashindwa kuvumilia, akauliza kitu kwa Kisotho. Nilipomjibu kwa Kizulu changu cha kuvunjikavunjika, nilichofundishwa na mama mkwe, akafurahi. Naye alikuwa na Kizulu chake, alichookota miaka ya kufanya kazi za ndani Johannesburg.

"Mnauza nini?" akauliza.

"Hatuuzi, Mama. Tunakwenda kupanda mlima."

"Mmepoteza ng'ombe?"

"Hapana."

Alifikiri. Kisha akaniambia kwamba leo hakuna gari litakalopanda barabara ya mlimani kwa jinsi ilivyoteleza, na kwamba jua likizama tutaganda kama nguo kwenye kamba. Tulipofika mwisho wa njia alishuka, akaninyooshea mfuko wa machungwa niubebe, akaanza kutembea bila kugeuka. Tukamfuata.

Jina lake Mme Puseletso, na Mme kwa Kisotho ndiyo Mama. Anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili chini ya mlima, jiko la makaa katikati, kalenda ya zamani ukutani. Mwanawe wa kike yuko Welkom na huja Krismasi. Si bibi wa maneno matamu. Alimwambia Furaha avue viatu, kisha akamwambia avivae tena kwa kuwa soksi zake zilikuwa na matope kuliko viatu. Alipokwisha kutuweka mbele ya jiko, akamuuliza Furaha, "Papa?"

Furaha akamjibu kwa Kiswahili, kwa upole, "Papa alikufa zamani."

Bibi akarudia kwa sauti zaidi, "Papa! Papa!" akionyesha tumbo lake. Furaha macho yakamtoka. Mimi nilikuwa nimeshaelewa kwamba anaulizwa kama atakula ugali, maana papa kwa Kisotho ndiyo ugali, lakini nilikuwa nacheka kiasi cha kushindwa kutafsiri. Nilipotafsiri, tulicheka wote watatu, bibi mpaka akakohoa akashika ukuta. Tulikula papa kwa mboga za majani na kipande cha utumbo wa kondoo, na sijala chakula kitamu kama kile mwaka huu.

Wakati wa kuosha vyombo nikamuuliza Furaha kwa utani tu, "Papa alikufa. Na mama je?"

Alikuwa anasugua sufuria. Aliendelea kuisugua ingawa ilikuwa imekwisha kutakata. Tulikuwa tumeishi nyumba moja miaka mitatu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijawahi kumsikia akimtaja mama yake.

Kwenye ngazi

Asubuhi kulikuwa kweupe na kimya. Mme Puseletso alimsimamisha jirani mwenye pikapu aliyekuwa anapeleka majani ya mifugo juu, akamwamuru atubebe. Blanketi lake lile zito alilivua begani akamfunga nalo Furaha, akalibana kwa pini. Nikasema yeye mwenyewe anakohoa. Akasema ana lingine, na kwamba blanketi hilo atalitaka kesho.

Pikapu ilituacha mahali barabara inapoishia. Kutoka hapo ni njia nyembamba inayozunguka tumbo la mlima, upande mmoja ukuta, upande mwingine hakuna kitu. Theluji ilikuwa imelala kwenye vivuli. Furaha alitembea mbele, hatua fupifupi za namna moja, kama mtu aliyezoea. Mimi nilipumua kama cherehani mbovu. Kila nikisimama alikuwa mbali zaidi, na kila nikiita alisimama, akanisubiri nimfikie, akaondoka tena kabla sijapumzika.

Njia ile huishia kwenye ukuta wa jiwe, na ukutani wamening'iniza ngazi za minyororo na vyuma, ndefu kama ghorofa kadhaa za Hillbrow. Nilipanda vipingili sita. Kisha upepo ukaitikisa ngazi, nikatazama chini, nikashuka.

"Siwezi," nikasema.

"Ngoja hapa, yaya. Miye nitafika juu, nitaangalia, nitarudi. Haiko mbali."

Aliniachia begi la chakula, yeye akapanda na begi lenye hema. Niliona soli za viatu vyake zikipungua, mpaka zikapotea juu ya ukingo.

Nilikaa juu ya jiwe. Saa ya kwanza nilikula chungwa. Saa ya pili ukungu ukaja, si kwa kupanda kutoka bondeni kama kwetu Uluguru, bali kwa kumwagika kutoka juu, na ngazi ikabaki vipingili vinne, kisha viwili. Nikaita. Sauti yangu haikwenda popote. Nikaita tena kwa Kiswahili, kwa Kizulu, hata kwa Kiingereza, sijui kwa nini.

Nitawaambia kitu ambacho sijamwambia hata Thandi. Kwenye jiwe lile niliona jinsi maisha yangu yalivyopungua katika nchi hii. Mume wangu amezikwa hapa, kwa hiyo siwezi kuondoka. Binti yangu ni wa hapa, kwa hiyo sina wa kuondoka naye. Na mtu mmoja niliyebaki naye wa kunielewa ninaposema "nimechoka," asidhani nataka kulala, alikuwa ameingia kwenye ukungu na hakurudi. Nilivaa begi la chakula. Nikashika ngazi. Sikutazama chini kwa sababu chini hakukuwepo tena. Mikono ilishikwa na chuma baridi mpaka nikawa nabandua vidole kimoja kimoja. Nililia njia nzima, na niliendelea kupanda.

Juu

Juu ni tambarare. Hilo sikulitegemea. Unapanda ukuta wote ule unakuta uwanja mpana, nyasi fupi na theluji, ukienda mpaka Lesotho. Furaha alikuwa amekaa juu ya begi lake, hatua mia hivi kutoka ngazi. Hakuwa anatazama upande wa genge, ule watu wanaotoka mbali kuuona. Alikuwa ameupa mgongo, anatazama uwanda mtupu.

"Furaha! Saa tatu nzima nakungoja!"

Aligeuka kama niliyemwamsha. "Umepanda, yaya," akasema. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

Ilikuwa imechelewa kushuka. Tulisimamisha hema kwa vidole visivyokunjika, tukachemsha chai, tukaingia kwenye mifuko ya kulalia na lile blanketi juu yetu wote wawili. Usiku ule hauna masimulizi. Ulikuwa baridi tu.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeondoka. Kijito kilichopo huko juu kilikuwa kimeganda, maji yakisikika yakipita chini ya barafu. Furaha alivunja barafu kwa kisigino, akajaza sufuria, akakaa kuiangalia jikoni. Akaanza kusema bila kuniangalia.

"Tulipotoka Bukavu tulipita kwenye milima kama hii. Mvua, si teluji. Mama alivimba miguu. Siku ya tano akakaa chini, akasema, tangulieni, nakuja. Watu walikuwa wanapita wengi, wanasukumana. Nilikuwa na blanketi na sufuria. Nikamuachia blanketi. Nikachukua sufuria."

Maji yalianza kuchemka.

"Kama angekufa ningejua. Kama yuko muzima ningejua. Sijui chochote. Ile siku nilisema atapata mutu wa kumuinua. Kila siku najiuliza huyo mutu alipita ao hakupita."

Kwetu tuna maneno ya msiba na maneno ya mgonjwa. Kwa mtu asiyejua kama amefiwa sikuwa na maneno. Nilimimina chai nikampa. Akanywa. Kisha tukafunga hema, tukashuka ngazi, yeye chini yangu akinionyesha kwa mkono mahali pa kuweka kila mguu.

Nyumba isiyotoa moshi

Tulishuka kwa miguu siku nzima maana hakukuwa na gari. Tulipoiona nyumba ya Mme Puseletso, nyumba zote za jirani zilikuwa zinatoa moshi isipokuwa yake.

Furaha aliona kabla yangu. Aliangusha begi barabarani akakimbia. Nilipofika mlangoni alikuwa amepiga magoti. Bibi alikuwa sakafuni kando ya jiko lililozimika, amejikunja, kifua kinakoroma kama mtungi unaojazwa maji. Alikuwa wa moto wakati nyumba nzima ni barafu. Hakukuwa na blanketi lingine. Nilifungua sanduku lake nikitafuta, nikakuta shuka mbili na gauni la kanisani. Alikuwa ametudanganya.

Jirani wa pikapu alitupeleka kliniki. Muuguzi alisema ni nimonia. Alimchoma sindano, akampa dawa, akasema hospitali imejaa na kwamba bibi mwenyewe amekataa kulazwa, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kumpa dawa na kumgeuza. "Nyinyi ni ndugu zake?" akauliza.

Mimi nilisema hapana. Furaha, kwa wakati uleule, akasema ndiyo.

Tulimuuguza wote wawili siku mbili. Furaha alimlisha uji kwa kijiko, akamwosha miguu, akamsuka nywele zake nyeupe mistari midogo ili zisimsumbue kwenye mto wa kulalia. Bibi akipata nguvu alimfokea kwamba uji ni mwepesi. Mwanawe wa Welkom hakupatikana kwa simu. Siku ya tatu nikasema shule zinakaribia kufunguliwa, nina sare za watu, na Thandi yuko peke yake.

"Nenda, yaya. Miye nabaki."

"Unabaki mpaka lini?"

"Mpaka apone."

"Saluni watampa mtu kiti chako."

"Wampe."

Ndipo nikalisema lile neno. Nilikuwa na hofu ya kurudi peke yangu, na hofu hiyo ikatoka kama ukali. Nilisema, "Furaha, huyu si mama yako."

Alikuwa anakunja shuka. Hakukasirika. Laiti angekasirika.

"Najua," akasema. "Mama yangu sikuweza. Huyu naweza."

Alinisindikiza hadi kituoni, amejifunga lile blanketi, bibi kamfunika kwa mifuko yetu ya kulalia. Tulisimama tukiangalia barabara. Nilitaka kumwomba radhi, nikaishia kumwambia asisahau kufunika makaa. Gari lilipokuja alinipandishia begi, akapiga bati mara mbili dereva aondoke.

Kurudi

Teksi ya kurudi ilijaa upesi. Hakuna ucheleweshaji wowote ninaoweza kuwasimulia. Pembeni yangu alikaa kijana mwenye visikizio masikioni aliyelala toka Harrismith mpaka mjini. Habari zangu za wiki tatu nilikuwa nazo bado, zote.

Thandi alikuwa anatazama televisheni. Aliuliza kwa Kiingereza anti Furaha yuko wapi. Nikamweleza kwa Kiswahili, kila kitu, ngazi, sufuria, bibi, na lile neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapunguza sauti ya televisheni. Akaja akakaa karibu yangu, akaegemea bega langu kama alipokuwa mdogo. Baadaye akapika yeye.

Wiki nne zimepita. Chumba cha nyuma sijakipangisha, na wale mnaoniulizia chumba kwa ajili ya ndugu zenu, jibu ndilo hilo. Jumapili iliyopita simu ililia nikiwa natoka kufua. Ilikuwa Furaha, akiwa mlangoni kwa bibi na simu ya jirani, upepo ukivuma humo ndani ya simu. Alisema bibi sasa anatembea hadi mlangoni. Alisema yule binti wa Welkom alikuja, akakaa siku tatu, akashukuru, akarudi kazini. Alisema amepata wanawake wawili wa kuwasuka pale kijijini.

"Niliyokuambia siku ile," nikaanza.

"Yaya, acha."

"Hapana, nisikilize. Nilikosea."

Kisha nikasikia akisema kitu pembeni kwa Kisotho, upesi, kama mtu wa hapo, na sauti ya kizee ikimjibu kwa ukali.

"Mama anakusalimia," Furaha akasema.

Nikamwambia amwambie salamu nimezipokea, na kwamba namshonea blanketi la pili, lenye bitana, nitalipeleka mwenyewe kabla baridi haijaisha.